Jino la Hatibu na Shimo la Mwera

Gego bovu la Hatibu lilikuwa upande wa kushoto, juu, la mwisho kabisa, na kwa miezi minne lilifanya kazi iliyoishinda mashine ya Wazungu. Anayebisha aende Mwera akaulize. Atawakuta wengine wanaosema halikuwa gego bali jini, hao asiwasikilize. Lilikuwa gego, lenye tundu ambalo mkewe Mwanasiti aliapa kuwa siku moja alitoa humo punje tatu za mtama na kichwa cha dagaa, na likianza kuuma, kuku wa jirani waliacha kutaga.

Kabla gego halijapata cheo, Hatibu alikuwa mtu wa mkonge. Miaka kumi na minane alilisha majani kwenye korona ya shamba moja njia ya Pangani, ile mashine ya kukamulia mkonge, mpaka korona ikavunjika kipuri. Kipuri kikatafutwa Tanga, kikatafutwa Dar es Salaam, kikaandikiwa barua ng'ambo. Hakikupatikana, maana fedha za kigeni hazikuwepo. Wenye shamba wakawaambia watu waende nyumbani wasubiri kuitwa. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Wako wanaosubiri hadi leo.

Na nyumbani kulikuwa na nini? Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mwanasiti alifulia majani ya mpapai, nguo zikatoka na rangi ambayo haijapata jina. Sukari ilikuja kijijini mara mbili kwa mwaka na kila ilipokuja ilikwisha kabla lori halijazima moto. Mtu akifa, sanda inaombwa kwa kibali, na maiti inangoja sahihi ya mwenyekiti kama mtu anayengoja basi. Hatibu alikaa barazani amefungwa kilemba kichwa kizima kwa ajili ya lile jino, akitazama njia, na kila mtu aliyepita alimuuliza, "Bado hamjaitwa?" Akajibu kwa kutikisa kichwa, maana kusema kulikuwa kunauma.

Mwaka wa themanini na tatu ukaja mnara.

Ulikuja vipande vipande juu ya malori marefu, yaliyoangusha migomba kila kona. Kampuni ya wageni ilikuwa na ruhusa ya serikali kutafuta mafuta chini ya Mwera, na wenyewe walisema yako, kilomita mbili chini, yamejificha ndani ya jabali lenye umbo la chungu kilichopinduliwa. Watu walipandisha macho kuutazama ule mnara mpaka shingo zikakakamaa. Hatibu akaenda kuomba kazi, akaipata ya kupika tope.

Uchimbaji wenyewe ulikuwa hivi. Keekee ilisaga mwamba huko chini kwenye ncha ya bomba refu. Ndani ya bomba pampu ilisukuma tope jembamba kama uji wa mgonjwa. Likashuka, likatokea kwenye matundu ya keekee, likapanda tena kwa nje ya bomba limebeba unga wa mawe. Juu likachujwa, likarudishwa. Hatibu na wenzake walimwaga magunia ya udongo wa unga ndani ya tangi, wakakoroga, wakapima uzito, na jioni walirudi majumbani weupe kama mizimu ya hadithi.

Sasa, shimo lilitakiwa liende wima. Likipinda, unadhani unachimba Mwera kumbe umeibukia Kipumbwi. Na jicho halifiki huko. Kwa hiyo karibu na keekee walifunga kidude cha chuma, urefu wake kama mtu. Pampu ikizimwa, kidude kinapima bomba limelalaje. Ikiwashwa, kinalibana tope halafu kinaliachia, na ule mshtuko unapanda ndani ya tope lenyewe, kilomita nzima na zaidi, kwa kufumba na kufumbua. Mshtuko mmoja, shimo limenyooka. Miwili, limeanza kuinama. Mitatu, linainama zaidi. Na hivyo hivyo mpaka saba, na saba ni msiba. Juu kulikuwa na mashine yenye kalamu iliyochora kila mshtuko kwenye karatasi kama kilima kidogo. Aliyehesabu vilima alikuwa Ernesti.

Ernesti alikuwa Mbondei wa Muheza, kijana wa miaka ishirini na saba aliyesomea mambo hayo Ulaya miaka mitatu, akarudi na miwani na tabia ya kunywa chai bila sukari hata ikiwepo. Yeye ndiye aliyeamua tope liwe zito kiasi gani, na yeye ndiye aliyejaza daftari la shimo. Pwani na Bondei wana utani wao wa siku nyingi, basi siku ya kwanza tu akamwambia Hatibu, "Nyie watu wa pwani kazi yenu kufunga vilemba. Mtani, umefungwa kichwa kama furushi la sokoni, ndani kuna nini?"

"Kuna jino," Hatibu akasema. "Nyie Wabondei mngekuwa na meno mngejua."

Bomba la tope lililopanda mnarani lilikuwa na joto. Hatibu aligundua kwamba akiliegemeza shavu pale wakati wa mapumziko, gego linatulia. Basi ikawa dawa yake. Siku moja ameegemea, amefumba macho, pampu ikazimwa, ikawashwa. Jino likachomwa. Mara moja, *tik*, mpaka kisogoni.

"Moja," akasema, kama mtu anayeota.

Ernesti aligeuka kutoka kwenye kalamu. Kwenye karatasi kulikuwa na kilima kimoja.

"Nani kakwambia moja?"

"Hili," Hatibu akaonyesha shavu.

Ernesti akacheka. Kesho yake pampu ilipowashwa Hatibu alisema, "Mbili," na vilima vikawa viwili. Siku ya tatu Ernesti alimzungusha nyuma ya bomba asione mashine, akampa kipande cha mti wa mkoko akiume, ncha ya pili aiguse bombani. Hatibu akafumba macho, akauma. "Mbili. Hapana, ngoja. Mbili, basi." Karatasi nayo, mbili.

"Mtani," akasema Ernesti, na safari hii hakucheka, "jino lako limesomea wapi?"

"Limesomea njaa."

Wiki tatu baadaye karatasi za mashine zikaisha. Nyingine ziliagizwa, lakini kibali cha fedha kilikuwa juu ya meza ya mtu fulani, na huyo mtu fulani alikuwa semina. Mzungu mkubwa alipiga teke ndoo, akatukana kwa lugha yake, kisha akauliza sasa watajuaje shimo linakwenda wapi. Ernesti akamleta Hatibu. Wakampima siku nzima kwa gombo la mwisho la karatasi lililobaki, kipande cha urefu wa mkono, na hakukosea hata mara moja.

Hapo ndipo Hatibu alipotoka kwenye tangi la tope akawa mtu wa bomba. Alipewa kofia ya njano. Kila wiki mbili alipewa mchele, mafuta ya kula na mche mzima wa sabuni ya bluu. Ile sabuni! Mwanasiti aliikata kwa uzi, akawagawia majirani vipande vyembamba hata ungesoma herufi upande wa pili, na wanawake wakavifunga kwenye pindo za kanga kama hirizi. Watu waliompita Hatibu barazani bila kusimama walianza kumpa salamu kamili, na jamaa mmoja aliyemnyima mbegu za mahindi mwaka uliotangulia alikuja kumuuliza kama jino halihitaji msaidizi.

Mganga wa zahanati alipomwona akasema, "Hili nikung'oe leo, litakuua." Hatibu alikimbia. Mwanasiti alimletea karafuu za kuweka kwenye tundu. Akazitupa.

"Zinatia ganzi," alisema. "Likifa ganzi na mimi nimekufa. Nirudi kwenye majani ya mpapai?"

Basi alilala na maumivu akaamka nayo, akayatunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Ungemuuliza angekwambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuwa na furaha kama ile, na machozi yanamtoka kwa uchungu.

Mwezi wa nne keekee ilifika kwenye jabali la matumbawe lililooza, lenye mianya kama nyumba ya mchwa. Tope likaenda chini halikurudi. Wakapika jingine, likanywewa. Magunia ya unga yakaanza kwisha, na dawa yenyewe ya kuziba mianya ilikuwa bandarini Dar es Salaam, ndani ya kontena, inangoja mhuri. Mzungu mkubwa akatangaza kwamba tope likiisha kabla dawa haijafika, kazi inafungwa na watu wote waende nyumbani wasubiri kuitwa.

Maneno hayo Hatibu alishawahi kuyasikia.

"Kinatakiwa kitu gani kwenye hiyo mianya?" alimuuliza Ernesti.

"Kitu chenye nyuzinyuzi. Kichanganywe na tope, kiende kijishike kwenye nyufa."

"Usumba je?"

Ernesti akavua miwani. Usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, pwani nzima ya Pangani ilikuwa imezifukia. Wanawake huyazika makumbi kwenye tope la mikoko, yakakaa miezi mingi maji yakijaa na kupwa, kisha huyafukua na kuyaponda mpaka zibaki nyuzi tupu za kusokotea kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na kijiti chake cha alama. Na hodari wa wote alikuwa Mwamvua, mama yake Mwanasiti, ambaye kamba yake, watu walisema, ilifungia meli bandarini Tanga ikavunjika nanga, ikavunjika gati, kamba ikabaki.

"Utafaa," Ernesti akasema. "Lakini ukatwekatwe, mtani. Mfupi kama kisamvu. Ukija mrefu utajifunga hata mahali pasipotakiwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Hapo ndipo penye kisa. Maana Hatibu hakuwa na namna ya kumwambia Mwamvua neno hilo. Mkwe ni mkwe. Tangu aoe hajawahi kumtazama usoni. Wakikutana njiani yeye huingia majanini mama apite. Basi alikwenda akakaa nje ya ua, akatoa salamu kupitia makuti, na Mwanasiti akasimama mlangoni katikati kama posta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," ikatoka sauti ndani. "Mwambie mumeo usumba upo. Mashimo yangu yote na ya wenzangu."

"Mama, anasema ukatwekatwe."

Mchi ukasimama.

"Ukatwe?"

"Mfupi. Kama kisamvu."

"Mwanasiti, mimi nimeponda usumba tangu sijaota maziwa. Mama yangu aliponda, bibi yangu aliponda. Usumba wa kukatika ni wa mwanamke mvivu, makumbi yake hayajaiva, mchi wake hauna nguvu. Leo wageni waje waone usumba wa Mwamvua vipande vipande? Waseme Mwera hakuna wanawake? Mwambie baba namheshimu sana, lakini sikati."

Mwanasiti akatoka nje akamtazama mumewe. Hatibu alikuwa akichora chini kwa kidole. Ingekuwa mtu mwingine angekwenda yeye mwenyewe na panga akaukata. Lakini kukata usumba wa mkwe baada ya yeye kukataa ni sawa na kumvua nguo hadharani. Akasema, "Mwambie mama asante."

Ulikuja kwa mikokoteni kumi na moja. Mrefu, wa dhahabu, laini kama nywele za jini wa kike. Ernesti siku hiyo alikuwa Pangani mjini kupiga simu ya kuulizia kontena, na aliporudi usumba ulikwisha mwagwa tangini na kukorogwa, hauonekani ni mrefu wala mfupi.

"Ulikatwa?"

"Ulikatwa," Hatibu akasema.

Na tope likaacha kupotea! Saa tisa alasiri lilianza kurudi, kidogo, halafu lote. Wafanyakazi walipiga mbinja. Mzungu mkubwa alimbeba Hatibu juu akamzungusha, kofia ikaanguka. Wanawake wa Mwera wakapewa gunia la sukari, na Mwamvua aliugawa ule mgao kijiko kwa kijiko, akimwambia kila mmoja kwamba kama ungekatwa ungepita moja kwa moja mpaka upande wa pili wa dunia.

Siku iliyofuata pampu ilizimwa ili kidude kipime. Ikawashwa. Hatibu akauma mti wake.

Hapakuwa na kitu.

Alisikia pampu yenyewe, dum-dum-dum, kama ngoma ya mbali. Alisikia damu yake. Gego lilikuwa linauma kwa maumivu yake ya kawaida, ya kwake mwenyewe, yasiyo na habari yoyote kutoka chini. Akasogeza mti. Akauma mpaka taya zikalia. Na palepale akajua, kama mtu anavyojua sahani imevunjika kabla hajaiona: usumba umejifunga kwenye kidude. Ule mrefu, wa heshima, umekizunguka kikashindwa kufumba wala kufumbua.

"Ngapi, mtani?" Ernesti ameshika penseli juu ya daftari.

Angesema hakuna, wangelivuta bomba lote juu, siku mbili za kazi. Wangekuta kidude kimefungwa kamba ya Mwamvua. Wangeuliza nani alisema ulikatwa. Kofia ingekwenda, sabuni ingekwenda, na jina la mkwe lingekwenda mbele ya kijiji kizima. Yote hayo Hatibu aliyaona kwa muda wa kumeza mate.

"Moja," akasema.

Ernesti akaandika.

Alijiambia kwamba kesho tope litakisafisha. Kesho hapakuwa na kitu, akasema moja. Kesho kutwa, moja. Siku ya tano akasema mbili, maana aliona moja zimekuwa nyingi, na Ernesti akakuna kichwa, akapunguza uzito uliokandamiza keekee, na siku ya sita Hatibu akamwambia moja, Ernesti akatabasamu kama daktari ambaye dawa yake imefanya kazi. Jambo hilo lilimuuma Hatibu kuliko gego. Siku kumi na moja alisimama pale na mti mdomoni, mbele ya watu waliomwamini, akisikiliza kimya na kukitafsiri.

Huko chini shimo lilikuwa limekwishajiendea zake. Walipita kina ambacho lile jabali la chungu lingekuwepo, hawakulikuta. Wakaongeza. Hawakulikuta. Siku ya kumi na mbili bomba lilikwama. Lilikuwa limechimba mfereji kwenye pindo la shimo likajibana humo. Mzungu akaamuru livutwe. Injini ziliguna, mnara ukatetemeka, mbayuwayu wakaruka wote, kisha bomba likakatika kwa mlio uliosikika Pangani mjini, na waliokuwa msikitini waliunganisha na swala ya tetemeko. Kilichotoka ni nusu ya juu. Nusu ya chini, pamoja na keekee, kidude na usumba wa Mwamvua, vimo humo mpaka leo.

Walikuja mabwana watatu kutoka Dar es Salaam kuuliza maswali. Walikaa chini ya turubai na lile daftari la Ernesti. Wakamwita Hatibu, wakamwapisha.

Ernesti alimwomba kwa macho kwanza, halafu kwa maneno. "Mtani, waambie tu ulichosikia."

"Ulisikia ngapi?" aliuliza mmoja wa mabwana.

Alikuwa na nafasi. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo, na kila mmoja alikuwa akimngoja yeye, kibarua wa mkonge. Akaona kwamba akisema kweli sasa, atakuwa amelivunja bomba yeye. Akadhani pia, na hili alilidhani kwa moyo safi, kwamba akisema shimo limenyooka atakuwa anamwokoa Ernesti.

"Moja, bwana. Siku moja ilikuwa mbili."

Bwana akafunga daftari. Akasema, basi kama shimo limenyooka, bomba halikukwama kwa sababu ya pindo. Limekwama kwa sababu tope halikuwa na uzito wa kutosha na shimo likabomoka. Na aliyeamua uzito wa tope ni nani?

Hatibu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari yameshapita, yako ndani ya karatasi.

Ernesti alifukuzwa kwa barua, na barua ile ikamtangulia kila alikokwenda kuomba kazi. Shimo likafungwa kwa saruji. Mnara ukashushwa, malori yakaondoka nao, yakaangusha migomba ile ile iliyokuwa imeanza kuota. Watu mia tatu wakaambiwa wasubiri kuitwa. Mwezi ule ule Hatibu alikwenda zahanati mwenyewe, akaketi, akafungua kinywa. Mganga akaling'oa gego bila ganzi kwa kuwa ganzi haikuwepo, na Hatibu hakulia.

Mwamvua alikufa mwaka uliofuata, akiamini kwamba usumba wake ndio kitu pekee kilichofanya kazi sawasawa katika mradi mzima. Hakuna aliyemwambia vingine.

Hatibu na Mwanasiti wakahamia Tanga mjini, Makorora, chumba kimoja. Ikaja enzi ya ruksa. Madukani vikajaa vitu: sabuni za kila rangi, zenye picha za wanawake wanaocheka; sukari; vitenge; mitumba milima kwa milima. Hatibu alibeba magunia ya watu sokoni, akavitazama vile vitu kama mtu anayetazama harusi ya nyumba ya pili. Sabuni zilikuwepo na mtu wa kuzinunua alikuwa amekwisha.

Na kila siku alipita mtaa wa Usagara kwa upande wa pili wa barabara. Maana upande wa huku, kwenye baraza ya duka la vyuma la Taizoon, alikaa Ernesti na meza ndogo na chuma cha kulehemu, anatengeneza redio. Nywele zimekuwa mvi kabla ya wakati. Mke alikuwa amerudi kwao. Hatibu alikuwa akiinamisha kichwa chini ya gunia asitambulike, miaka tisa.

Mwaka wa tisini na tano alipeleka misumari kwa Taizoon, kwa mlango wa nyuma, akamkuta anaongea na mteja.

"Bhai, wamekuja wengine wa mafuta," Taizoon alikuwa akisema. "Wamenunua kwangu mabomba, koki, kila kitu. Nikawauliza, mnakwenda Mwera? Wanasema hapana, wamesoma karatasi za zamani. Mwera shimo lilikwenda wima kabisa, likapita pale pale walipotaka, hakuna kitu. Wanakwenda kusini. Mwera wamefuta, mstari mwekundu."

Hatibu alitua sanduku la misumari. Moja, moja, moja, moja, mbili, moja. Hayo ndiyo yaliyosomwa. Mwera nzima imefutwa kwa jino lake. Alikaa juu ya sanduku mpaka Taizoon akamuuliza kama anaumwa, kisha akanyanyuka, akazunguka duka, akaenda mbele kwenye baraza.

"Mtani!" Ernesti aliruka kitini. "Shikamoo! Miaka yote hii! Nilidhani umekufa. Kaa, kaa hapa. Nilikuwa nawaambia watu: katika ile kambi yote mkweli alikuwa mmoja tu, Hatibu wa jino. Hata mimi nilikosea, lakini yule hakukosea."

"Marahaba," akasema Hatibu. Hakukaa. "Ernesti, usumba haukukatwa."

"Usumba gani?"

Akamwambia. Alimwambia kwa kusimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, bila kuruka kitu: mkwe, mikokoteni, kidude, siku kumi na moja za kimya. Alimwambia kwamba wageni wameifuta Mwera kwa sababu ya lile daftari, na kwamba Ernesti anajua Kiingereza, aandike barua, aseme shimo lilipinda, halikufika lilipotakiwa, jina lake lisafishike na watu warudi wachimbe.

Chuma cha kulehemu kilikuwa kinafuka moshi juu ya meza. Ernesti akakichomoa kwenye umeme, taratibu.

"Niwaandikie nini?" alisema. "Kwamba kumbukumbu za kampuni zilikuwa jino? Kwamba nililijaza daftari siku kumi na moja kwa maneno ya mtu anayeuma kijiti? Hilo nitaliandika niweke sahihi yangu?"

"Andika ni mimi."

"Wewe ni nani?"

Wateja wawili walikuja, wakachukua redio yao, wakaondoka. Ernesti aliwahudumia kwa adabu. Walipokwenda alikaa akitazama mikono yake, ncha za vidole zimeungua ungua.

"Mzee Hatibu," akasema, na ile *mtani* haikuwepo tena. "Nikuulize moja tu. Yale ya mwanzo, kabla ya usumba. Ulisikia kweli?"

"Wallahi nilisikia! Karatasi ilikuwepo, tulilinganisha. Wewe mwenyewe ulinizungusha nyuma ya bomba!"

"Nyuma ya bomba ungeweza kuusikia mkwaruzo wa kalamu."

"Sikuusikia. Nilisikia tope. Lilikuwa linapanda, Ernesti, linakuja toka chini kule mpaka hapa," akagusa shavu, mahali palipobonyea. "Nilifumba macho."

"Ndivyo unavyosema."

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Kwa wale mabwana watatu pia uliapa."

Hatibu alibaki amesimama. Jambo moja katika maisha yake alilipata kwa haki, na hakuna karatasi, hakuna kidude, hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua isipokuwa huyu. Ernesti alikuwa amekwisha chomeka chuma chake tena, ameinamia redio nyingine, anatafuta waya uliokatika.

"Mzee, sogea kidogo," alisema bila kuinua kichwa. "Umeniziba mwanga."

Hatibu akasogea.

Jioni Mwanasiti alimkuta amekaa mlangoni Makorora, hajavua hata fulana ya kazi.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Ernesti."

"Ernesti! Yupo? Anafanya nini siku hizi?"

"Anatengeneza redio."

"Si ungempelekea na hii yetu."

"Nitampelekea," akasema Hatibu.

Hakumpelekea.